Zamu ya Mama Yako

Ninayo siku moja, mwanangu, ambayo kila mvua ya kwanza inapopiga mabati hunirudia, na sijawahi kumsimulia mtu. Jana ulipokuja kuniambia kwamba wenzako kazini wamekuchagua kushika daftari la likelemba yao, niliitika tu nikakupakulia sahani ya bukari. Ulidhani nimechoka. Sikuchoka, niliogopa. Leo kaa unisikilize mpaka mwisho, halafu utanihukumu unavyotaka.

Likelemba unaijua. Watu kumi na wawili, kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kile kile, na fungu lote linachukuliwa na mmoja, kwa zamu, mpaka wote wamepata. Hakuna benki wala mlinzi, kuna daftari na neno la anayelishika. Yetu pale sokoni ilianzishwa na Mama Aziza, mjane wa watu wa Maniema aliyekuwa akishona nguo karibu na lango. Macho yake yalipoanza kufifia alinikabidhi daftari mimi, muuza unga wa meza moja, nina miaka ishirini na sita. Akaniambia, "Mutoto, falanga ni ya bantu, lakini zamu njo ya Mungu. Usiiguse." Pesa ni ya watu, zamu ni ya Mungu: nilicheka moyoni. Nilijua kusoma na kuhesabu kuliko yeye, nikaona hayo yanatosha.

Mama yako aliyekuzaa, Odile, alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo, meza ya tatu kutoka kwangu. Sauti yake ilikuwa ndogo hata wateja walimwomba arudie bei. Alikuwa na mimba yako. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa na hakuishi, na daktari alimwambia safari hii pia atapasuliwa. Hospitali ile haikumgusa mtu kabla pesa haijawekwa mezani. Basi mwezi wa nne, tulipopanga zamu za duru mpya, yeye aliomba mwezi wa kumi, kwa sababu siku zako zilikuwa mwisho wa mwezi ule. Hakuomba kingine. Nikauandika kwa mkono wangu huu.

Mwezi wa tisa ukielekea kuisha, Mama Régine akaniita nyumbani kwake, mtaa wa Bel-Air. Naye alikuwa katika likelemba yetu, lakini yeye aliuza unga kwa jumla, sisi wengine tulinunua kwake. Alinikalisha kwenye kiti cha sebuleni, akanipa kinywaji baridi kwenye glasi, akaniita Madame Présidente. Wewe umesoma, mwanangu, majina kama hayo hayakutishi. Mimi yalinilewesha. Alitaka zamu ya Odile. Upande wa Zambia unga ulikuwa umeshuka bei, na akiwahi kuuleta kabla ya mvua angepata faida nzuri. Odile achukue zamu yake yeye, ya mwezi wa kumi na moja, ambayo tungeichanga Jumamosi ya kwanza kabisa. Na mimi, kwa shukrani, angeniuzia magunia matatu kwa bei ile ile aliyonunulia. Magunia matatu. Nayataja wazi ili usije ukafikiri nilimuuza rafiki yangu kwa kitu kikubwa.

Sikuita mkutano. Nilimfuata Odile mezani kwake, nikamwambia ni siku chache tu, na mimba nyingi huchelewa siku mbili tatu. Akaendelea kufunga mafungu yake ya sombe. "Weye njo mukubwa wetu," akasema. "Kama unaona iko muzuri, basi iko muzuri." Nikalipokea hilo kama ndiyo. Nilirudi kwenye meza yangu nikabadilisha majina mawili kwa kalamu, vizuri, bila kuchafua ukurasa. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi nikakusanya, nikampelekea Mama Régine fungu lote nyumbani kwake.

Wewe hukungoja Jumamosi ya kwanza. Ulianza kuja katikati ya mwezi wa kumi, asubuhi ya mvua ya kwanza. Baba yako, aliyekuwa mwashi, alifika sokoni akikimbia, matope mpaka magotini. "Mama, Odile iko hospitali, damu inatoka. Banasema bila falanga habatamupasua," akaniambia. "Ile ya likelemba iko wapi?" Nikamjibu, "Rudi kwake, ninaileta." Sikuwa na kitu cha kuleta.

Hapa nisikilize vizuri, mwanangu, maana ndiyo sababu nimekuita. Asubuhi ile, kwenye mstari wetu peke yake, walikuwapo wanawake wanane wa likelemba, kila mmoja na pesa ya biashara imefungwa kiunoni. Ningepanda juu ya benchi langu nikapiga kelele, wangefungua vitenge vyao. Lakini wangeniuliza: zamu si ilikuwa ya Odile? Imeenda wapi? Niliona aibu. Nikapanda teksi kimya kimya kwenda Bel-Air kumwomba Mama Régine arudishe. Hakunidanganya, maskini. "Falanga yote iko ndani ya unga, Madame Présidente, na gari imekwama ku mupaka, ku Kasumbalesa," akasema. Nikaenda kwa kaka yangu, hakuwapo. Nikaenda kwa fundi saa mmoja niliyemfahamu, akanipa kidogo. Nilizunguka mji mzima kwenye mvua kuificha aibu yangu, na nilifika hospitali saa saba mchana nikiwa na nusu tu ya pesa.

Walikuwa wamekwisha kumwingiza. Muuguzi mmoja alikuwa amegombana na wakubwa wake mpaka wakakubali, ila damu nyingi ilikuwa imeshakwenda. Wewe ulitoka ukilia. Yeye hakuamka.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio kilikaa kwenye parseli, uani kwa baba yako. Wanawake wa sokoni walifika jioni ile ile na masufuria na makaa, na kabla giza halijaingia walikuwa wamechanga zamu nzima ya mwezi wa kumi na moja. Hakuna aliyewatuma. Waliitia ndani ya bahasha wakanipa mimi, kiongozi wao, nimkabidhi mfiwa. Pesa iliyotakiwa kumpasua mama yako ndiyo iliyonunua sanduku lake na kukodi gari la kwenda makaburini.

Mama Aziza alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na moto. Akaniita. "Nisomee mwezi wa kumi," akasema. Nikamsomea jina la Régine. "Wa kumi na moja?" Nikamsomea jina la Odile.

"Daftari iko safi," akasema. "Hakuna hata franki moja imepotea. Mwizi ninamujua, anaweza kurudisha. Weye utarudisha nini?" Halafu akaigusa bahasha. "Na hii falanga. Jioni imeonekana. Asubuhi ilikuwa wapi?"

Ilikuwa sokoni, hatua ishirini kutoka meza yangu.

Magunia yangu matatu yalifika baada ya mazishi. Ningependa kukwambia niliyagawa kwa maskini, lakini niliyauza, na yakanipa faida. Kisha nikamrudishia Mama Aziza daftari, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Masomo yako yote ya chuo kikuu pale Kasapa tumelipa mimi na baba yako, na watu huniita mama mwenye huruma. Baba yako hajui nilichofanya; anaamini kwamba mwezi ule pesa ilichelewa kuchangwa. Nitamwambia, ila nilitaka ulisikie wewe kwanza, kwa kuwa mama ni wako.

Sasa mwanangu, lishike hilo daftari, usikatae. Cheo ni dhamana, na anayekiogopa kidogo hukitunza vizuri zaidi. Ila pesa yenye jina na kazi yake usiihamishe hata kama mtu anakuonyesha faida mara mbili. Faida itapatikana mwezi ujao, na mimba haisubiri mwezi ujao. Zamu ikitakiwa kubadilishwa, wakae wote, na yule mwenye sauti ndogo umuulize mara mbili, mbele ya watu, kwa sababu mtu asiyeweza kukukatalia hajakukubalia. Mkubaliane tangu mwanzo kila mmoja aongeze kidogo cha kuweka pembeni kwa ajili ya ugonjwa. Sisi hatukuwa nacho. Anayekupa kiti kizuri na jina kubwa, jiulize amekuja kuchukua nini. Na ukikosea, maana utakosea, usiende kutafuta dawa kwa siri huku mgonjwa anangoja. Simama juu ya benchi useme nimekosa, nisaidieni. Aibu haimuui mtu. Mimi ingenichoma siku moja tu kama ningeikubali, na sasa inanichoma kila mvua.

Ukitaka kuondoka bila kuniaga, mlango huo, sitakulaumu. Mkono wangu nitauweka juu ya kichwa chako hata ukiwa umenipa mgongo. Mungu akupe sikio la kumsikia mtu anayeongea polepole. Akupe mdomo usio na haya ya kuomba msaada. Na siku yako ya kukosea itakapofika, mwanangu, akujalie upige kelele asubuhi.