Ua Wangu wa Madebe Sibomoi

Bwana Mhariri, tafadhali jina langu lifiche.

Sasa hivi mwanangu amegonga ua wetu kwa mwiko, akasema "hodi", akajijibu mwenyewe "karibu", akacheka. Ua huo ndio umeniletea maneno.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na mmoja, nilisoma mpaka darasa la tatu, nakaa katika nyumba za kupanga za baraza la mji hapa Nakuru. Mume wangu ni mtu wa reli, kumwona nyumbani ni bahati. Mlango wetu unatazama barabara. Wakati wa mvua nilikuwa nafua, kugeuka mtoto hayupo. Mara namwona dereva wa lori la viazi vya Molo anakuja amembeba kwapani. "Mama, huyu ni wako ama ni wa barabara?" Aliuliza kwa mzaha, lakini lori alikuwa ameliacha katikati ya barabara, mlango wazi.

Basi nikapasua madebe ya mafuta, nikayapiga bapa kwa jiwe, nikazungusha ua mwenyewe. Tangu hapo napika moyo umetulia.

Juzi Bwana Afya, mkaguzi wa nyumba za mji, akaja na baiskeli yake. "Bibi, madebe hayaruhusiwi. Sheria ya mji ni waya ama miti ya kupandwa. Nikirudi niyakute chini, la sivyo nyumba mtaiacha."

"Bwana, waya hata kuku anapita. Na miti ya kayaba nimekwisha panda, hii hapa."

Akaitazama. Ilikuwa haijafika kwenye soksi yake. "Hayo ni majani tu."

"Ndiyo, bwana. Sasa mtoto nimfunge kamba mpaka majani yawe ua?"

Jirani yangu akacheka ndani ya leso. Bwana Afya hakucheka.

Mume wangu anasema, "Mama watoto, bomoa, tusije tukalala nje." Namheshimu, lakini si yeye aliyempokea mtoto kwa yule dereva. Mimi nimekata shauri: madebe yatatoka siku kayaba itakapomfika mwanangu kifuani. Kila asubuhi naimwagia maji ya vyombo, na inaota, imekwisha toa miiba.

Akina mama mnaolea katika nyumba za mji, nipeni maneno: nimwambieje Bwana Afya anielewe, na mume wangu asinione mkaidi? Maana kubomoa sibomoi, hata akija na... ngojeni, jirani ananiita, anasema Bwana Afya anapiga hodi nje ya ua na mtoto amekwisha mjibu