Bishara Alinganisha Shakwe na Nondo

Bishara huuza saruji, misumari na vyuma vya ujenzi mtaani Iftin, mjini Garissa. Shule aliiacha darasa la tatu ili achunge mifugo ya babake kule Habaswein. Mwaka jana, akiwa na miaka hamsini na mitatu, alijiandikisha kwenye darasa la gumbaru pale Galbet, akaketi mstari wa mbele na kuanza kumsumbua mwalimu.

Mwalimu Guleid ni kijana mpole. Alhamisi moja aliwapa kazi: walinganishe shakwe, ndege wa baharini, na nondo.

Wiki iliyofuata Bishara alikuwa wa kwanza kusimama.

"Shakwe inaogopa watu. Nondo haiogopi hata lori. Shakwe ikikaa kwa maji inanona, nondo ikikaa kwa maji inashika kutu."

"Kutu?"

"Mwalimu, mimi nauza hii kitu! Fundi yangu wa Tanga anaita vyuma nondo."

Darasa zima likavunjika mbavu. Guleid alicheka mpaka akavua miwani. "Eedo," akamwambia, kwa heshima ya kumwita shangazi, "nondo huyu ni mdudu kama kipepeo, anazunguka taa."

Bishara alikwenda nyumbani amenuna.

Alhamisi iliyofuata alikuja na kopo la maziwa ya unga, akalifungua juu ya meza ya mwalimu. Ndani mlikuwa na nondo mkubwa wa kahawia na kifuko kigumu cha nyuzi alichokibandua kwenye mgunga.

"Huyu namjua tangu utoto. Ng'ombe akimeza hii nyumba yake, tumbo inafunga. Jina tu sikujua. Mimi nimeleta nondo. Shakwe yako iko wapi?"

Guleid akafungua picha kitabuni.

"Umewahi kuona yeye mwenyewe?"

"Bado, Eedo. Sijafika baharini."

"Basi kaa chini."

Guleid akakaa. Bishara akashika chaki. Wote wawili wanaruka na wanataga, akaeleza, lakini shakwe ana manyoya, nondo ana vumbi linalobaki kidoleni. Shakwe hula maisha yake yote; nondo wa mgunga akishatoka kifukoni hali kitu mpaka afe. Kitabu kinasema shakwe dume husaidia kulea makinda.

"Na nondo dume?" Guleid akauliza.

"Hiyo ikishapata bibi inatoroka. Kama bwana yangu wa kwanza."

Guleid akampa nane kwa kumi. Mbili alizikata kwa kuwa huyo bwana hakuwemo kwenye swali. Bishara alikataa kurudi kwenye kiti chake mpaka apewe tisa.