Abner Nyangau na Sakafu Asiyoweza Kuikanyaga

Kwa miaka kumi na tisa Abner Nyangau alichoma matofali, na kwa miaka hiyo yote kilima kilicho nyuma ya boma lake, upande wa Kenyenya, kilikuwa kikinyolewa polepole. Mikaratusi iliingia tanuruni mti baada ya mti. Siku moja mkewe, Nyanchoka, alikosa kuni za kuchemshia maharagwe, ilhali moshi wa tanuru ulikuwa ukipanda mnene hadi mawinguni. Alichukua sufuria yenye maharagwe mabichi, akaiweka mbele ya mumewe, akakunja mikono.

"Haya, Baba Bosire. Leo tutakula matofali."

Abner alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka aliinua macho, akakiona kilima, uchi kabisa. Mwaka uleule akanunua mashine ya mkono ya kushindilia udongo.

Tangu hapo alikuwa mtu mwenye mapenzi ya hadharani. Aliupenda udongo mwekundu kama wengine wanavyopenda kwaya. Aliuchekecha, akauchanganya na saruji kidogo tu, akafinyanga donge na kuliangusha. Likivunjika vipande vichache, alijua maji yametosha. Kisha alijaza kikasha cha mashine, akauning'inia mkono wake wa chuma kwa uzito wake wote, na tofali likachomoza limenyooka kila pembe, lina mfereji juu na ukingo chini, ili matofali yaumane ukutani bila kudai saruji nyingi. Yalilala wiki mbili chini ya majani ya migomba, yakinyweshwa maji kama wagonjwa. Hakuna hata kijiti kilichochomwa.

Watu walicheka. "Sisi tumehangaika kutoka kwenye nyumba za udongo," jirani yake Obwocha alimwambia, "wewe unataka kuturudisha?" Kwa miaka minane Abner aliitwa kujenga vyoo viwili na banda moja la kuku. Kuku hawakulalamika.

Mwaka huu, kamati ya ujenzi ya kanisa lao la Waadventista ikaamua kujenga ukumbi. Mwenyekiti, Mzee Mokua, alisema wangekuja Jumapili mchana kuiona nyumba ambayo Abner alikuwa akimjengea mwanawe Bosire na mkewe, Linda. Wakiridhika, ukumbi utajengwa kwa udongo wa Abner. Wasiporidhika, watanunua matofali ya kuchoma, na kilima kingine kitanyolewa. Siku alipopewa habari hiyo, Abner alisalimia kila mtu mara mbili.

Kuta zilikuwa tayari. Ilibaki sakafu ya sebule, nayo alitaka iwe ya udongo pia: kokoto chini, murram, udongo wa changarawe, iliyoshindiliwa juu yake, na mwisho tabaka jembamba la mfinyanzi na mchanga laini. Tabaka hilo aliliweka Jumatano. Sakafu ya namna hiyo ina saa yake. Ikiwa mbichi haisuguliki. Ikikauka mno inapasuka. Unaisugua pale tu inapokuwa ngumu kama ngozi ya kiatu, nawe unasugua mpaka ing'ae. Kwa manyunyu yaliyokuwa yakianguka wiki hiyo, Abner alikadiria kwamba saa yenyewe ingefika Jumapili alfajiri. Alilala vizuri.

Kitu ambacho hakukikadiria ni Linda. Alikuwa binti wa Marani, ameolewa mwezi wa nne, na nyumba hiyo ilimfanya atembee kama anayerukaruka. Kila asubuhi alizunguka akizipapasa kuta. Ijumaa mchana, Bosire akiwa kazini kwenye kiwanda cha chai huko Itumbe, Linda aliigusa sakafu, akaiona baridi, akaihurumia. Akaweka jiko la makaa mlangoni kwa ndani, juu ya kipande cha bati, ili moto usaidie kuikausha. Na kwa kuwa aliona vibaya makaa yawake bure, akainjika chai.

Alimpelekea Abner kikombe pale kwenye mashine, kwa mikono miwili.

"Tata," akasema, kwa maana ndivyo baba anavyoitwa huku, "chai."

Abner akanywa. Ilikuwa imekolea majani na maziwa. Alipofika nusu, akauliza kwa furaha tu, "Umepikia wapi, na jiko la mama mkwe wako limejaa maji ya mvua?"

"Kwa nyumba yetu! Nimewasha moto, nakausha sakafu yako."

Kikombe kilisimama hewani.

Abagusii, yaani Wakisii wa huku, wana staha yao iitwayo chinsoni, na kwayo baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kabla mke hajapika ndani, nyumba ni jengo tu, na fundi ni fundi. Akishapika, imekuwa nyumba ya watu, na fundi amegeuka kuwa baba mkwe. Kwa nusu kikombe cha chai Abner alikuwa amefukuzwa kazini, na chai yenyewe ilikuwa nzuri.

Alikimbia hadi mlangoni, akakwama kizingitini kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Akanyoosha shingo. Karibu na jiko, juu ya sakafu, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanza safari. Moto ulikuwa umeileta Jumapili ikawa Ijumaa. Ilikuwa saa tisa alasiri. Saa kumi na mbili na nusu jua lingetua, Sabato ingeingia, na katika boma lile hakuna ambaye angeshika mwiko wa fundi hadi kesho yake jioni. Kufikia hapo sakafu ingekuwa na nyufa kama ramani ya mito, na Mzee Mokua angeisoma yote.

"Mama Bosire!" Abner alipiga ukelele. "Mama Bosire, kuja haraka!"

Linda alikuwa ameshaliondoa jiko. Alipoelewa alichokifanya, machozi yalimjaa. "Tata, ingia tu. Nitafumba macho."

"Ukifumba macho wewe, miguu yangu itafumba nini?"

Nyanchoka alifika, akasikia habari yote, akaegemea ukuta akacheka bila sauti, mabega yakiruka. Mama huruhusiwa sebuleni. Akapandisha sketi, akamvuta mkaza mwanawe kwa mkono, wakatandaza mbao mbili za kupigia magoti. Abner alivuta kigoda hadi chini ya dirisha ambalo halijatiwa kioo, akapanda.

"Kidevu kisipite ukingo," Nyanchoka alitoa sheria.

"Hakitapita. Anzeni kona ya mbali. Shika mwiko hivi, uulaze. Hapana, ulaze! Kama mkono wa mtu anayebembeleza mtoto."

Nyanchoka alisugua mara tatu. Mwiko wa chuma uliacha mistari myeusi. Akautazama, akaurusha nje kupitia dirishani. Abner akainama kwa wakati. Kisha mama akatoka, akarudi na mawe mawili laini ya mto, ambayo wanawake wa kwao walisugulia kuta tangu yeye akiwa msichana, na bakuli la maji.

"Mama Bosire, hiyo si kazi ya kitaalamu!"

"Nani anasugua?"

"Wewe."

"Nani yuko nje?"

"Mimi."

"Basi shika ukingo usianguke."

Jiwe lilizunguka. Tone la maji, mzunguko. Tone la maji, mzunguko. Chini ya kiganja cha Nyanchoka udongo uliacha kuwa udongo, ukaanza kuwa kitu kama ganda la yai. Linda aliiga, kwanza kwa woga, halafu kwa kasi. Penye ufa walipaka uji wa mfinyanzi, wakasugua hadi ukasahaulika. Abner alihama kutoka dirisha hadi dirisha na kigoda chake. "Kushoto! Si kushoto kwako, kushoto kwangu! Pale panapofanana na Obwocha, pamejikunja!"

Obwocha, aliyekuwa akichuma chai ng'ambo ya ua, aliacha kazi. "Baba Bosire, umefungiwa nje ya mjengo wako?"

"Chuma chai yako!"

"Jamani, pua imeingia! Nimeona mimi! Pua ya baba mkwe imeingia nyumbani kwa mwana!"

Linda alicheka hadi akapoteza mizani, akaketi kwenye sakafu ambayo haijasuguliwa. Aliponyanyuka aliacha alama kubwa, ya mviringo, isiyo na shaka ni ya nini. Abner aligeuza uso haraka sana, kigoda kikamponyoka, akatoweka dirishani. Ndani wanawake wawili walikuwa wamelala juu ya mbao wakishindwa kupumua.

"Tata, umeumia?"

"Sugueni!" sauti ilisema kutoka kwenye maboga chini ya dirisha.

Walirudi kinyumenyume, jiwe kwa jiwe, hadi mlangoni. Nyanchoka alimaliza kiganja cha mwisho akiwa amepiga magoti nje ya kizingiti, jua likiwa limebaki ukucha mmoja juu ya mlima. Bosire alipofika kutoka kazini aliwakuta watu watatu wenye udongo hadi kwenye nyusi wakiipokea Sabato kwa maombi, na mmoja wao, mkewe, akiuma kanga asicheke.

Jumapili kamati ilikuja, watu watano. Abner alisimama karibu na migomba, kwa koti lake la kanisani. Nyanchoka alikuwa amemkataza dirisha mbele za wageni. Kamati ilivua viatu, ikaingia pamoja na Nyanchoka na Linda. Aliona visigino vikipotea kimoja baada ya kingine.

Abner alihesabu matofali ya ukuta wa mbele, akakosea, akaanza tena. Akachungulia mlangoni kwa mbali, na alichokiona kilimgandisha: nyayo mbili za Mzee Mokua zimelala sakafuni, vidole vinatazama chini.

"Mwenyekiti ameanguka!" alipiga kelele. "Linda! Mnyanyue mzee!"

"Sijaanguka!" Sauti ya Mokua ilitoka chini kabisa. "Natazama kama kuna ufa. Nimelaza shavu. Ni baridi vizuri, Abner. Njoo uone!"

"Siwezi, Mzee!"

Ndani kulilipuka kicheko cha watu saba. Mokua alitoka akiwa na vumbi jekundu shavuni, akasimama mbele ya Abner.

"Kuta ni zako. Na sakafu?"

Abner alifungua kinywa. Ilikuwa murram yake, vipimo vyake, miaka yake minane. "Ni ya hawa wawili," akasema. "Mimi nilipiga kelele tu."

"Basi ukumbi utakuwa wa udongo. Wewe utajenga, wao watasugua. Tumekubaliana sote."

Abner alimshika Mokua mkono, akautikisa, akasahau kuuachilia.

"Mzee, huo ukumbi," akauliza, "si nyumba ya mwanangu?"

"Ni nyumba ya Mungu."

"Kwa hiyo nitaingia?"

"Abner, utaingia hadi uchoke."

Abner aligeuka kumwambia Nyanchoka, lakini Nyanchoka alikuwa ameshasikia na alikuwa akija, Linda nyuma yake, mikono yote minne juu, na nafasi kati ya migomba ikawa ndogo mno kuwatosha wote watatu.