Pamba Iliyobaki Shambani kwa Shemeji

Jumapili nikitoka ibadani sipiki kitu mpaka nimesoma. Natoa kigoda, nakaa upande wa nyumba wenye kivuli, navaa miwani yangu niliyonunua mnadani, nafungua kitabu. Jirani yangu akipita hunitania, akiniita mayu, yaani mama.

"Mayu, leo tena unasomea upadri?"

"Nasomea kesi," namjibu.

Anacheka na kwenda zake. Anadhani mama wa watu natania.

Nilisoma mpaka darasa la nne, nikaondolewa shule nilee wadogo zangu. Kwa hiyo mtu asitegemee Kiswahili cha ofisini humu. Nimeandika kwa sababu walionitenda wengine bado wanatembea hapa Bariadi wakisalimiwa kwa heshima, na mimi nataka jambo hili likae mahali. Majina siandiki. Wana watoto, na watoto hawakukosa. Wenyewe watajijua. Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, aliyekuwa mzee wa kanisa letu. Wa pili ni mke wake. Wa tatu ni mtemi wa sungusungu, yaani mkubwa wa walinzi wa jadi wa kijiji chetu wakati huo.

Mume wangu alipofariki, shemeji alilichukua shamba. Alisema ni la ukoo. Mimi aliniachia nyumba na banda la kuku, akaniambia nishukuru. Nikashukuru, ningefanya nini.

Zamani, wakati pamba inanunuliwa na ushirika peke yake, mavuno yakiisha kila mmoja alikuwa anajua kinachofuata. Mwenye shamba amechuma, amemaliza. Kinachobaki kwenye miti ni vitumba vilivyochelewa kupasuka na pamba fifi, ile yenye madoa. Bibi wazee na wajane waliingia wakaokota, wakajaza mito, wakasokota tambi za taa. Hakuna aliyeulizwa. Baada ya hapo miti inang'olewa na kuchomwa moto, ndiyo amri ya kilimo, ili wadudu wasivuke msimu.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi. Magari yao yalisimama hata njia panda, mizani imetundikwa mtini, wakachukua safi, wakachukua na fifi. Hawakuuliza una shamba wapi. Mjane mwenye kikapu kimoja aliuza kama tajiri mwenye magunia. Hapo ndipo watu walipoanza kuyaonea wivu masalia ya mashamba yao.

Msimu ule shemeji alikuwa amemaliza kuchuma kabisa. Vibarua walishalipwa na kuondoka. Miti ilikuwa inangoja moto. Nikaingia asubuhi na kikapu changu katika shamba nililolilima kwa mkono wangu miaka tisa. Kikapu hakijafika nusu, nikasikia mke wa shemeji anapiga mwano, ile kelele ya kuita watu penye hatari, kama vile ameona simba zizini.

"Mwizi! Mwizi wa pamba!"

Watu wakaja na fimbo. Sitaeleza fimbo. Bega langu la kushoto mpaka leo mvua ikitaka kunyesha linajua kabla ya mawingu. Sungusungu wakakaa, mtemi wao akasema nitoe ng'ombe wa faini. Ng'ombe nimtoe wapi? Basi wakanitenga. Kwetu kutengwa ni hivi: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukutwisha ndoo kisimani. Anayevunja naye anatozwa. Shemeji yangu aliketi palepale, mzee wa kanisa, akatikisa kichwa kukubali. Na kesho yake aliwasha shamba. Ile pamba niliyopigiwa aliichoma.

Kanisani sikufukuzwa. Nilikaa benchi la nyuma peke yangu, na wakati wa kupeana mikono ya amani niliitazama mikono yangu mwenyewe.

Mtu pekee aliyezungumza nami ni mtawa mmoja Mkatoliki aliyetunza duka dogo la vitabu la parokia, upande wa Somanda. Hakuwa wa kijiji chetu, katazo halikumhusu. Nilikuwa nampelekea mayai. Siku moja nikaacha mayai nikaanza kulia, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama, unajua kusoma?"

"Polepole, sista."

"Polepole ndiyo kusoma. Chukua hiki. Usinilipe, rudisha tu."

Kilikuwa kitabu cha mila za Wayahudi, kimevikwa karatasi ya kaki. Nikamwambia mimi si wa dhehebu lake. Akasema na Wayahudi si wa dhehebu lake.

Nilisoma ukurasa mmoja kwa siku, kidole chini ya mstari, na Maandiko yangu yako wazi pembeni. Lazima niseme ukweli: kabla ya hapo Wayahudi wa Maandiko niliwaona watu wa ubishi tu, watu wa kumtega Bwana kwa maswali. Ndivyo tulivyohubiriwa. Sasa nikakuta kwamba sheria yao ya kale ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka ukingoni, ikamkataza kurudi nyuma kuokota alichosahau, kwa kuwa hicho ni cha maskini, cha mgeni, cha mjane. Hilo nilikuwa nimelisikia kanisani, lakini kwetu lilihubiriwa kama hadithi ya yule mjane mgeni aliyeokota masuke akapata mume, wanawake tukacheka, tukaenda nyumbani.

Kitabu kikaniambia zaidi. Walimu wao waliketi vizazi na vizazi wakiulizana: ukingo uwe mpana kiasi gani? Maskini aruhusiwe kuingia saa ngapi? Mganda uliosahaulika ni upi, na upi bado ni wa mwenyewe? Wakakubaliana pia kwamba mwenye shamba hana ruhusa ya kuchagua maskini anayempenda. Anayekuja ndiye. Nilifunga kitabu. Ubishi wote ule niliokuwa naudharau, kumbe walikuwa wanabishana kwa ajili ya mtu kama mimi.

Nilirudisha kitabu, nikapewa kingine, nikarudisha, nikapewa kingine. Mwaka ule wa kutengwa, Mungu anisamehe, nilikuwa na siku nzuri kuliko nyingi za ndoa yangu.

Ikafika Jumapili moja karibu na mavuno mengine. Baada ya ibada kulikuwa na mafundisho ya watu wazima, shemeji ndiye anafundisha, mwinjilisti amekaa pembeni. Shemeji akachagua habari ya wanafunzi wa Bwana waliopita shambani siku ya sabato, wakaona njaa, wakavunja masuke wakala. Alijua kwa nini ameichagua. Alipomaliza kusoma akauliza:

"Kwa nini Mafarisayo waliwakasirikia?"

Mzee mmoja akajibu, "Waliiba."

"Waliiba," shemeji akasema, na macho yake yakaja moja kwa moja kwenye benchi la nyuma. "Bwana aliwasamehe, lakini mwizi ni mwizi."

Nilisimama.

"Shemeji, soma tena. Wapi pameandikwa wizi?"

Watu wakageuka. Aliyetengwa amesema, na hakuna anayeruhusiwa kumjibu. Shemeji akamtazama mwinjilisti ili anikalishe. Mwinjilisti akakuna kidevu.

"Msomee tu, mzee," akasema. "Ameuliza andiko."

Akasoma. Neno wizi halikuwemo. Akasoma mara ya pili, kwa sauti ndogo. Halikuwemo.

"Walilalamikia siku," nikasema. "Walisema kazi ile haifai sabato. Wangewakuta Jumatatu wasingesema neno, kwa sababu sheria yao iliruhusu mpita njia avunje masuke kwa mkono ale. Hata maadui wa Bwana, na ukali wao wote, hawakuwaita wezi. Neno hilo tumeliweka sisi."

"Kwa mkono!" akadakia. "Si kwa kikapu!"

"Kwa mkono kabla ya mavuno. Baada ya mavuno ni sheria nyingine, kilichobaki ni cha mjane. Wewe ulikuwa umeshavuna."

"Hiyo ni ngano. Pamba haimo kwenye Maandiko."

"Mzeituni umo. Mwenyewe akishautikisa mara moja, haruhusiwi kurudia matawi. Na zeituni hukamuliwa mafuta, shemeji, kama mbegu za pamba yako zinavyokamuliwa."

Bibi mmoja mzee, hana jino hata moja, akaangua kicheko benchi la mbele. "Kumbe hata Mafarisayo wana huruma kutuzidi!" Kicheko kikatembea kanisa zima. Shemeji akafunga kitabu chake, akasema muda umekwisha.

Nje, yule bibi alinisubiri mlangoni. Akashika mkono wangu mbele ya watu wote, mtemi wa sungusungu akiwemo.

"Mwangaluka, mayu," akasema.

Mwaka mzima nilikuwa sijasalimiwa kijijini kwetu. Nilijibu kwa shida. Mtemi aliona, akatazama baiskeli yake kama ina pancha. Angemtoza faini bibi wa umri ule, kijiji kizima kingemcheka. Baada ya bibi akaja mwingine, na mwingine. Hakuna kikao kilichokaa kunifungulia. Katazo lilikufa tu pale mlangoni. Shemeji hajaniomba msamaha mpaka leo, na sasa anaumwa, hata kuomba maji ya kunywa ni kazi kwake.

Nina shamba langu sasa, nililolinunua kwa maandazi ya stendi. Kila msimu naacha mistari miwili upande wa barabara bila kuigusa. Bwana shamba alinigombeza, akasema najitia hasara. Nikamwambia kabla ya siku ya moto itakuwa imeokotwa yote.

Mwaka jana nilimwona anayeokota. Ni mke wa shemeji. Amezeeka, wanawe wameuza shamba lile kipande kwa kipande, na alikuwa ameinama na kikapu akitazama nyuma kila mara. Nilikuwa karibu kiasi cha kumpigia mwano. Usinidhanie mwema: ulinifika kooni. Bega likaniuma, na mvua haikuwepo.

Lakini si nilishasoma? Mwenye shamba hachagui.

Nikageuka nikaenda nyumbani kwa njia ya nyuma, asije akaniona akaacha kikapu kabla hakijajaa. Nikatoa kigoda changu. Nilisoma mpaka nikamsikia barabarani anapita, anakohoa, anakwenda polepole kama mtu aliyebeba kitu.