Macho Mekundu

Kila nikipita penye moshi wa makumbi ya nazi, hunijia asubuhi moja ya kwetu, nje kidogo ya Msambweni.

Jirani yetu alikuwa bibi mjane. Yeye na mama walikaanga samaki wa kuuza, kila mmoja uani kwake. Nikimwamkia, "Shikamoo, bibi," alinipa kipande cha papa chenye chumvi nyingi.

Mtoto wa jirani mwingine alipofariki kwa homa, vijana walimvamia bibi yule kwa mapanga alfajiri. Tulimsikia akimwita mama yangu. Hatukutoka.

Kulipokucha, tukinywa uji, nilimwuliza baba, "Walijuaje kuwa ni mchawi?"

"Macho yake yalikuwa mekundu. Kila mtu ajua maana yake."

"Mbona ya mama pia ni mekundu? Si moshi tu, baba?"

Mama aliniziba kinywa kwa kiganja kilichonuka mafuta. Baba alimtazama mama machoni, akamtazama sana, kama mtu asiyemjua.

Tangu siku ile mama hakukaanga samaki tena. Mara nyingi tulilala na njaa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.