Maneno ya Kijivu

Tulipomaliza arobaini ya dada yangu, wazee waligawa vitu vyake. Kanga zilikwenda kwa mashangazi, cherehani kwa mke wa kaka, na kompyuta ikaniangukia mimi, kwa kuwa mimi na marehemu tulikuwa na kazi moja ya kuandika programu. Ile ya kupimia korosho kwenye ghala moja la Mtama alikuwa ameiacha nusu, na wenye ghala walitaka niimalize kabla ya msimu.

Nilikaa na kompyuta hiyo barazani kwetu Mtanda, nikafungua kihariri chake, yaani ile programu tunayoandikia programu nyingine. Nilikichukia papo hapo. Mimi ni mtu wa vurugu. Napenda mafaili yote yajipange kushoto, madirisha kadhaa yawe wazi kwa pamoja, na mstari mwekundu unikemee kila ninapokosea. Yeye alikuwa ameondoa vyote hivyo. Kioo cheusi, herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, faili moja tu mbele yako. Mstari mwekundu aliuzima zamani; alisema hataki kukaripiwa kabla hajamaliza kusema.

Ningeweza kurudisha mambo yangu mara moja. Sikuthubutu. Basi herufi kubwa zikanilazimisha kuandika mistari mifupi, na kwa kuwa sikuyaona mafaili mengine, nikawa namaliza moja ndipo nafungua lingine. Hata chai nikawa nakunywa kama yeye, sehemu ikishakamilika. Nilikasirika kweli. Mtu yuko kaburini na bado ananipangia kazi!

Kilichonitisha ni maneno. Kihariri kile kilikumbuka majina ambayo mwandishi amevipa vitu ndani ya programu. Ukianza herufi mbili, kinakumalizia jina zima kwa rangi ya kijivu. Siku ya kwanza niliandika "gu", mbele yake ikatokea gunia_la_kiburi. Ndivyo alivyoliita gunia lililozidi uzito. Nikaandika "mi", ikaja mizani_imenuna. Nilicheka, halafu nikalia, na mama akatoka ndani kuuliza kulikoni. Nikamsomea.

Tangu siku hiyo, akishaswali alasiri, alikuwa anakuja nyuma ya kiti changu na kuuliza, "Leo kasema nini?"

Nami namsomea. Korosho_za_mjomba, zile zilizooza. Subiri_kidogo_mama, pale programu inaposubiri mizani itulie. Hiyo alinitaka niirudie, akaondoka akiwa anaitamka mwenyewe kwa sauti ya chini.

Jambo moja sikumwambia. Kihariri kile hukumbuka majina ya karibuni tu. Kila jina jipya nililoandika lilisukuma la zamani nje. Kazi ikisonga, dada anapungua. Nikaanza kuogopa kuandika. Nikawa napachika majina yake hata yasipostahili, nafuta mistari mizima ya kwangu, nawadanganya wenye ghala kwenye simu kwamba umeme umekatika. Lakini korosho hazisubiri msiba wa mtu. Zilianza kudondoka mashambani, nikaandika huku roho inaniuma.

Juzi mama alikuja kama kawaida, ushungi bado kichwani.

"Leo kasema nini?"

Nilijaribu herufi hizi na zile. Kimya. Mwishowe jina la kijivu likatokea: jumla_ya_uzito. Nililisoma kwa sauti ile ile niliyozoea kumsomea majina ya dada.

"Hilo lako wewe," mama akasema. "Mwenzio hakuwa mkavu hivyo."

Alibaki amesimama, mkono kwenye mgongo wa kiti, akikitazama kioo asichoweza kukisoma. Kisha akageuka kuingia ndani.

"Akija," akasema kutoka mlangoni, "mwambie nilipita."