Barua Tuliyompelekea Afisa wa Mpakani

Baba alikamatwa mwezi ule redio zilipokuwa zikisema kwamba serikali yetu na ya jirani hazielewani. Sababu zake sizijui zote. Kulikuwa na malori ya mahindi yaliyozuiliwa, kulikuwa na maneno ya wakubwa, na mwisho wake ikawa kila chombo cha kwetu kikionekana upande wa pili wa maji kinashikwa. Kabla ya hapo wavuvi wa huku na wa kule walikuwa wakiombana maji ya kunywa baharini.

Sisi ni watu wa Munje. Msimu ule baba alikuwa amekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, huko kusini karibu na mpaka. Asubuhi moja mashine ya boti ilizimika. Walitupa nanga, kamba ikakatika, mkondo ukawachukua. Askari wa doria wa nchi ya pili waliwakuta wakielea tu. Vijana wawili aliokuwa nao botini waliachiliwa baada ya siku tatu, na ndio waliotuletea habari hizi. Baba alibakizwa kwa kuwa ndiye nahodha.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, watu walijaa barazani kwetu. Mjomba, kaka yake mama, ambaye hukaanga samaki Msambweni, alitaka twende tukaombe. Baba mdogo, ambaye ni mlinzi wa nyumba ya wageni Diani, alitaka tukaze.

"Ukimwangukia miguuni leo, kesho atakukanyaga kichwa," alisema baba mdogo. "Watu wale ni simba. Simba habembelezwi."

"Shemeji, wewe simba umemwona wapi?" mjomba akamjibu. "Juzi umekimbizwa na kijibwa cha mzungu hadi ukaacha kiatu."

Watu walicheka. Hata baba mdogo alicheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka.

"Tuiachie serikali. Na sisi tuna serikali."

"Serikali inagombana na serikali. Wewe unadhani wamekaa huko wanamzungumzia ndugu yako?"

Mzee mmoja alisema bahari ile babu zetu waliivua kabla ya mpaka kuwapo. Mwingine akamwambia basi aende akawaonyeshe makaburi ya samaki wa babu yake. Wakaendelea hivyo mpaka kahawa ikaisha. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Bahari waichukue wote. Mimi namtaka mume wangu."

Hapo ndipo walipokubaliana iandikwe barua kwa afisa wa mpakani wa upande wa pili, mjomba aipeleke mwenyewe. Mjomba akanitazama. Mimi niliishia darasa la nane, na huandika polepole sana, lakini mwandiko wangu unasomeka. Baba ndiye aliyenifundisha kuumba herufi, kwa mkaa, ubavuni mwa boti iliyopinduliwa.

Kwetu, mtu akienda kusuluhisha hutanguliza kosa. Hata kama aliyeibiwa mbuzi ni wewe, unafika kwa mwenzako unasema: sisi ndio wakosa, tunaomba radhi. Naye hujibu: hapana, wakosa ni sisi. Mkishanyenyekeana hivyo ndipo mnaketi na kuzungumza jambo lenyewe. Nimeona ndugu waliokuwa hawazikani wakipatanishwa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo mjomba alinitamkia maneno, nami nikaandika: "Sisi ni wakosa mbele yenu. Mzee wetu amekosa, nasi tunamwombea radhi."

Nikainua kalamu. Nilitaka kuuliza kuhusu mashine. Ilinichukua muda kulitoa neno, kama kawaida yangu.

"Mjomba, na ile mashine iliyozimika, niiandike wapi?"

"Hayo ni ya kubishana, mwanangu. Anayekwenda kuomba haendi na hoja. Wakishatukaribisha, nitaeleza kwa mdomo."

Baba mdogo naye akasema hatakubali barua ya kupiga magoti peke yake. Ili asiondoke kwa hasira, wakampa mistari yake. Nikaandika chini: "Lakini bahari hiyo ni ya babu zetu, na tumekuwa tukivua hapo tangu zamani." Kila mmoja akaridhika. Mama akaifukiza ubani, akaikunja, akampa kaka yake.

Mjomba alirudi siku ya pili, saa sita za mchana, na hakuingia ndani. Alikaa kwenye mchanga nje akiwa na viatu mkononi. Alisema afisa alimpa kiti, akaisoma barua mara mbili. Mjomba alingoja aambiwe, hapana, wakosa ni sisi. Afisa hakuwa mtu wa pwani. Alisema: "Ahsante, mzee. Mmekubali kosa, na mmetaja sababu yake." Akaitia barua ndani ya faili. Mjomba alipoanza habari za mashine, aliambiwa mbona hazimo.

Baba alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu, na boti ikachukuliwa.

Barazani hawakunyamaza. Baba mdogo alisema ndiyo faida ya kuomba. Mjomba alisema kilichoharibu ni ile mistari ya babu zetu. Kila mmoja alinukuu barua yangu kwa upande wake, nami nilikuwa nikipita katikati yao na ndoo ya maji. Redio ikasema mazungumzo ya serikali mbili yameahirishwa. Mama aliacha kuifungua.

Miezi mitano baadaye alikuja mtu wa Vanga aliyekuwa amefungwa pamoja na baba, akaachiliwa. Tulimpa uji. Alisema kesi zao zilisikilizwa pamoja, na baba mwanzoni alishikilia kwamba mashine ilizimika, akasema hivyo siku zote, na hakimu alikuwa akimsikiliza. Kisha walimwonyesha barua.

"Aliishika karibu na macho," yule mtu aliniambia. "Akasema, huu ni mwandiko wa mwanangu. Kuanzia hapo hakutaka kubishana tena. Wakamuuliza maswali, akanyamaza. Jioni nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, watu wangu wamekwisha kuamua huko nyumbani, nikiwapinga nitawafanya waongo."

Mama alikuwa amesimama karibu na jiko. Hakuniangalia. Alichukua kata, akamwongezea mgeni uji ingawa kikombe chake kilikuwa bado kimejaa, ukamwagika chini.

Nilimuuliza yule mtu kama baba anakula. Akasema anakula.